Hana Makuu

Kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, namwagilia maharage. Ni makopo ishirini na nane yaliyokuwa ya rangi, nimeyapanga ukutani nyuma ya nyumba tunayopanga Kihonda, kila aina makopo mawili. Namwaga maji kwa kikombe cha plastiki, nahesabu majani, naandika kwenye daftari. Dakika ishirini bila kuongea na mtu. Ndizo dakika ninazozipenda kuliko zote.

Jumatano ile nilikuwa kopo la kumi na tisa Rahel aliponiita kutoka ndani.

"Semeni, simu yako imelia."

"Nani?"

"Si mtu. Barua pepe."

Mikono yangu ilikuwa na udongo. Nikamwambia aisome yeye.

Mnaonifuata hapa mtandaoni tangu mwanzo mnajua barua gani niliyokuwa nikiisubiri. Kwa aliyenikuta leo, niseme haraka. Mimi ni binti wa Towelo, mlimani, juu ya mji wa Morogoro. Nina shahada mbili za kilimo na sina kazi. Miaka miwili nimekuwa nikiomba nafasi za shahada ya uzamivu zenye ufadhili, zile ambazo wanakulipia ada na posho ya kujikimu, wewe ufanye utafiti. Nimeomba mara kumi na moja. Kumi zilikataliwa, na baadhi ya wafadhili hawakuona hata haja ya kuniambia hapana.

Ya kumi na moja ilikuwa yangu. Nasema hivyo bila aibu sasa, zamani nisingethubutu. Ilihusu maharage ya asili ya Uluguru, na maharage hayo ndiyo yaliyonilea. Bibi yangu Mwanahawa anatunza aina kumi na nne, kila aina kibuyu chake, imechanganywa na majivu. Mimi nimezipanda, nimezipima, nimeziandika moja moja. Nafasi ilikuwa moja.

Na wiki iliyopita nilikiri kwenu jambo. Masharti yanasema barua ya mdhamini iandikwe na mwalimu wako, kwa siri, wewe usiione. Yangu niliiandika mwenyewe. Dokta Eustace, msimamizi wangu, aliniambia, "Binti yangu, mimi nina vikao. Andika wewe, ilete nisaini." Nikaandika. Akasaini amesimama, karatasi juu ya boneti ya gari, huku anaongea na simu.

Rahel akatoka uani na simu mkononi. Tulisoma pamoja, tunakaa chumba kimoja. Yeye aliacha kuomba nafasi mapema, sasa anauza vitenge mtandaoni na anasema hajawahi kulala vizuri kama sasa.

"'Ndugu Semeni, tunakushukuru kwa...' Wakianza na shukrani ujue."

"Soma, Rahel."

"'Umeshika nafasi ya pili. Jina lako litakuwa la akiba endapo aliyechaguliwa, ambaye mmesimamiwa na mwalimu mmoja, atajitoa.' Ni Oscar huyo."

Nilijua ni Oscar.

"Endelea."

"'Andiko lako la utafiti lilikuwa bora kuliko yote tuliyopokea. Hata hivyo, msimamizi wako mwenyewe anaeleza kwamba huna malengo makubwa, hujawahi kutofautiana na mwalimu yeyote, na hufanya unachoambiwa. Tunatafuta mtafiti anayeweza kusimama peke yake.'" Rahel akashusha simu. "Huyu Dokta ana roho ya namna gani? Huna malengo makubwa? Alikosa la kuandika?"

Nilikuwa naangalia kikombe changu kinavyovuja.

"Semeni. Yeye ndiye aliyeandika hivi, si ndiyo?"

"Niliandika mimi."

Mniwie radhi, lazima niwaeleze ilivyokuwa, maana hapa ndipo nilipojichongea kwa mkono wangu.

Nilipokaa kuiandika ile barua, aibu ilinishika. Mtu anajisifuje? Nikatafuta maneno ambayo watu wa kwetu huyatumia wakimsifia binti mbele ya watu, kwenye posa, au hata akiwa amekufa. Mpole. Mtiifu. Habishani na wakubwa. Na lile ambalo bibi yangu akilitamka juu ya mtu, basi mtu huyo amefaulu: hana makuu. Kwetu asiye na makuu ni yule ambaye shahada mbili hazijamsahaulisha kuosha vyombo. Nililiweka mwisho wa barua, kama nyama unayoibakiza pembeni ya sahani.

Nilifikiri kwa Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza, neno kwa neno. Huko kwenye Kiingereza, hana makuu akawa mtu ambaye hataki kufika popote.

Rahel alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha.

"Sikiliza," akasema. "Usimwambie mtu. Ukisema ulijiandikia wanakufuta kabisa, na hawa wafadhili wanajuana. Jina lako litazunguka. Sasa hivi wewe ni wa pili. Oscar anaweza kupata ya Ulaya akaiacha hii. Nyamaza tu, hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini lile neno la mwisho liliniingia.

Mnajua nilifanya nini? Nilimpigia Oscar kumpa hongera. Ndivyo nilivyokuwa siku ile saa moja na nusu asubuhi.

"Hongera, Oscar."

"Semeni! Ndiyo maana nakukubali, huna kinyongo. Subiri nishuke kwenye gari." Nikasikia mlango ukifungwa, na mtu akiuza ndizi. "Ehe."

"Barua yako ya Dokta ilisemaje?"

"Ya Dokta?" Akacheka. "Niliandika mwenyewe, dada. Kwani yako aliandika yeye?"

"Hapana."

"Sasa. Yeye anasaini tu. Wewe uliandika nini mpaka wakakuweka wa pili? Andiko lako si lilikuwa kali?"

"Niliandika mpole. Mtiifu. Hana makuu."

Akaangua kicheko ambacho nadhani kilimgeuza hata muuza ndizi.

"Semeni, hiyo barua ya kutafutiwa mchumba. Ungemalizia na 'anajua kupika' wakakuletea posa kabisa."

"Na wewe uliandika nini?"

"Mimi? Kijana jasiri, anayejituma, amegundua aina kumi na nne za maharage ya asili katika vijiji vya Uluguru."

"Kumi na nne."

"Si zile."

"Zile zipi, Oscar?"

"Zile ulizonitumia. Picha, vipimo, lile jedwali. Ulinitumia mwenyewe ukasema naomba uniangalizie kama kuna makosa. Hukusema nisizitumie."

Nikakumbuka. Niliandika hivyo kweli, na mwisho nikaweka asante sana kaka.

"Yale ni ya bibi yangu."

"Kwake ndiko tunakokwenda sasa. Mwenyekiti wa jopo la ufadhili amekuja jana, anataka kuyaona kwa macho kabla hajasaini. Usiwe na wasiwasi, bibi nitamsalimia. Wewe huna neno."

Akakata.

Huna neno. Watu wameniambia hivyo tangu darasa la kwanza, wakati jina langu lenyewe ni Semeni. Mama alinipa kwa sababu alipokuwa na mimba yangu kijiji kizima kilinong'ona nani baba. Nilipozaliwa akatoka nje akawaambia, haya, semeni. Ndilo likawa jina. Mtoto mwenye jina hilo akakua hawezi kumwambia kondakta amrudishie chenji.

Niliangalia yale makopo. Nilikuwa nimebakiza tisa. Nikatupa kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu niyapande, nikayaacha na kiu.

"Unakwenda wapi?" Rahel akauliza.

"Nyumbani."

"Na hizo kandambili?"

Sikurudi kuzibadilisha.

Bodaboda kwenda kwetu inafika hadi darajani, zaidi ya hapo ni miguu. Nilipanda ile njia kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Wanawake wenye vikapu vya mboga walikuwa wanashuka kwenda sokoni, nikawapita bila kuwaamkia, na nyuma nikasikia mmoja akisema, "Si yule mjukuu wa Mwanahawa? Amepatwa na nini?" Hasira ya mtu mpole haina mazoezi. Inakuja yote kwa pamoja, na miguu ndiyo inayoibeba.

Niliwakuta kibarazani. Dokta Eustace kwenye kiti pekee chenye mgongo. Oscar amesimama, anapiga picha paa letu. Na mama mmoja wa miaka hamsini hivi, amekaa chini kwenye mkeka, raba zimejaa matope, anamenya ndizi. Huyo ndiye Profesa Furaha, mwenyekiti wa jopo, mwenyeji wa Muheza aliyefundisha nje miaka mingi. Jina lake lilikuwa chini ya ile barua ya asubuhi.

"Mke mwenza, umechelewa," bibi akasema. Ndivyo tunavyoitana, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Wageni wako wamemaliza ndizi zangu, na huyu mrefu amepiga picha mpaka choo."

"Shikamoo, bibi. Shikamooni."

"Marahaba. Mbona uso kama umetafuna pilipili?"

Dokta akainuka kabla sijajibu, akanishika bega, akanitoa hadi kwenye migomba.

"Binti yangu, nilikuwa nataka kukupigia."

"Ndiyo, Dokta."

"Imetokea hivyo. Lakini mimi sikuachi. Oscar atahitaji msaidizi wa utafiti. Wewe unawajua hawa kina bibi, unajua mashamba. Kazi ni ile ile."

Kazi ni ile ile, nikawaza, na shahada ni ya nani?

"Na kuhusu barua," akashusha sauti, "ulijiandikia vibaya. Mimi nilisaini kwa kukuamini. Ukilileta jambo hilo hapa, mimi nitapata la kueleza. Wewe hutalipata. Tumeelewana?"

Sasa sikilizeni nilivyo. Nilikuwa nimetoka Kihonda mbio. Nilikuwa nimepanda mlima kwa kandambili. Nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni. Na mdomo ukafunguka ukasema, "Sawa, Dokta. Asante."

Asante. Nilitamani kujizaba kibao.

Tuliporudi, bibi alikuwa ameshatoa vibuyu, amevipanga kwenye mkeka. Kwetu mbegu haitoki kimya kimya. Anayeitoa anaitaja jina, na anayeipokea anasema kwa sauti anataka kuifanyia nini. Bibi aliikuta sheria hiyo kwa mama yake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nanong'ona, naye ananirudisha mikono mitupu: "Sijasikia." Mara ngapi nilikwenda shambani nikiwaangalia wenzangu wakipanda.

Profesa akachukua punje nyekundu yenye doa jeupe ubavuni, akamwonyesha Oscar.

"Hii inaitwaje?"

"Hiyo ni sampuli namba tisa, Profesa."

"Nani?" bibi akauliza.

"Namba tisa, bibi."

"Namba tisa." Bibi akaichukua ile punje, akaigeuza kiganjani. "Kwani amefungwa jela?"

Profesa akacheka hadi ndizi ikamdondoka. Oscar akajitahidi kucheka pia.

"Kitaalamu tunatumia namba, bibi. Majina yanachanganya."

"Yanamchanganya nani? Huyu ni Mkwe Asione. Ni mtamu, ukimpikia mkwe haondoki kwako. Uligundua nini wewe, ikiwa hata jina hukuuliza?"

"Nani alimwambia bibi kwamba kagundua?" Profesa akauliza taratibu.

"Mwenyewe. Kanikuta hapa kibarazani kwangu, kaniambia ameyagundua. Nikamwambia karibu."

Dokta akakohoa. "Profesa, jua linakuwa kali, tungeangalia shamba kwanza."

"Ngoja, Eustace. Bibi, na haya mengine?"

Bibi akanigeukia. "Mtajie, mke mwenza. Mimi nimechoka."

Nikapiga magoti kwenye mkeka nikagusa vibuyu kimoja kimoja. Damu ya Kuku, anavumilia ukungu. Ndoa ya Pili, anachelewa lakini anazaa hadi unashangaa. Kipofu, hana doa hata moja, mizizi yake ndiyo inayoshika udongo wa mteremko kuliko wote, nimeipima misimu minne. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ila haikukatika hadi cha kumi na nne.

Nilipomaliza, Profesa alikuwa ameacha kula.

"Misimu minne. Wewe ndiye Semeni," akasema. "Yule ambaye..." Akasita, akatafuta neno la heshima.

"Hana makuu," nikamsaidia.

Nikaona neno likirudi kwenye Kiswahili usoni mwake, taratibu, mtu wa Muheza akilisikia kama linavyosemwa kwao.

"Hana makuu," akarudia. "Kumbe ndicho kilichokusudiwa. Eustace, ndivyo ulivyotaka kusema? Mbona ulimwandikia mwanafunzi wako hivi?"

Dokta hakumwangalia Profesa. Aliniangalia mimi, na macho yake yakaniambia tena, tumeelewana.

Kulikuwa na jibu rahisi. Dokta angesema, "Ndiyo, lugha ilinipotea." Mimi ningenyamaza. Pengine wangenifikiria upya, pengine ningebaki wa pili, pengine ningembebea Oscar vibuyu miaka minne. Nilihitaji kufanya kile tu ninachokiweza.

"Hakuandika yeye," nikasema. "Niliandika mimi."

Oscar akashusha simu yake.

"Na ya Oscar aliandika Oscar. Aliniambia leo asubuhi. Dokta alisaini tu. Ya kwangu aliisaini juu ya boneti ya gari, hakusoma hata mstari. Hayo maharage aliyoyagundua Oscar, picha na vipimo nilimtumia mimi kwenye simu aniangalizie makosa."

"Profesa," Dokta akasema, "huyu binti amepata mshtuko wa matokeo, unajua hawa mabinti wetu wapole wakikasirika."

"Nyamaza kidogo, Eustace." Profesa akafuta mikono kwenye sketi. Hakuwa akicheka tena. "Semeni, unajua masharti yetu yanasemaje juu ya mwombaji aliyejiandikia barua?"

"Anafutwa."

"Na taarifa inakwenda kwa wafadhili wengine."

"Najua."

"Hakuna ubaguzi. Mpole, jasiri, wote."

"Najua, Profesa."

Akainuka. Pale kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe la kuanikia nguo. Bibi alimwonyesha kwa kidevu. Profesa akapanda na raba zake za matope, akapiga simu, akasubiri. Oscar alikuwa ameanza kusema neno kama utani, halafu akaliacha. Dokta alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Halo, jopo?" Profesa akasema kule juu. "Nina jambo juu ya majina yale mawili. Ngoja, mnakatika. Ngoja."

Bibi hakuwajali. Alichota punje za Kipofu zikamjaa kiganja, akaninyooshea mkono kama alivyoninyooshea utotoni.

"Haya. Unataka nini, mke mwenza?"

Nimeandika barua kumi na moja, na zote zilianza na naomba. Hata shughuli yenyewe tunaiita maombi, neno lile lile la msikitini na kanisani na la yule mzee anayekinga bakuli stendi ya Msamvu. Nimeomba hadi sauti imezoea kulala chini. Nikafungua mdomo na hilo hilo ndilo lililotangulia kuja.

"Naomba..."

"Sijasikia," bibi akasema.

Kule juu ya jiwe Profesa alikuwa amegeuka, simu sikioni, na nadhani wa upande wa pili walikuwa wameshashika, kwa sababu hakusema tena halo. Akaisogeza simu kidogo kuelekea kwetu.

"Nataka," nikasema. Ilitoka kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika. "Naitaka nafasi ile. Kazi nimeifanya mimi. Mbegu ni za bibi yangu, baada yake ni zangu, na ninataka shahada ya kazi hii iwe na jina langu. Nifuteni, lakini msiseme sikuitaka."